Chuma Kilichoamkiwa

Nchi ya hadithi hii ina jina zuri sana, lakini kwa sasa jina hilo liko wizarani likifanyiwa ukarabati, kwa hiyo msomaji atuvumilie. Itoshe kujua kwamba ni nchi ya amani. Ina mito, ina milima, ina magereza ya kisasa yenye mandhari ya kupendeza, na ina Rais aliyechaguliwa na wananchi wote, pamoja na wale waliofariki kabla ya kampeni kuanza.

Rais huyo alipoapishwa, Bunge lilimpa cheo cha Baba wa Taifa. Hapo mbunge mmoja, mtu makini, akasimama akauliza: baba atakuwaje na watoto waliomzidi umri? Lilikuwa swali zito. Nchini walikuwamo wazee wengi waliozaliwa kabla ya Rais, na wengi wao hawakuonyesha dalili yoyote ya kujuta. Bunge likajadili, likapitisha Sheria ya Umri. Kwa sheria hiyo kila raia aliyemzidi Rais alipunguziwa miaka, akawekwa mwaka mmoja chini yake. Wazee wakapewa vitambulisho vipya, na Redio ya Taifa ikatangaza kwamba nchi yetu imekuwa ya kwanza barani kuutokomeza uzee.

Kukabaki tatizo la salamu. Watu walikuwa na mazoea mabaya ya kumwamkia kila mwenye mvi: muuza nyanya, mlinzi wa ghala, hata babu aliyekaa kibarazani bila wadhifa wowote. Wizara ya Heshima ikafanya utafiti, ikagundua kwamba heshima ya taifa inavuja. Ikaamuliwa kwamba shikamoo zote zielekezwe kwa Baba, na watu wengine wote waambiwe "habari" au "mambo". Wananchi waliupokea uamuzi huo kwa furaha, maana askari walipita nyumba kwa nyumba kuangalia nani hajafurahi.

*

Miongoni mwa waliopunguziwa miaka alikuwamo Bi Nyamizi, mama mzazi wa Kalista, ambaye ndiye mwenye hadithi hii.

Bi Nyamizi alifanya kazi katika kiwanda cha magunia tangu usichana wake. Alisimama mbele ya mashine ya kusokota katani, akainama, na siku alipostaafu mgongo ulikataa kunyooka. Serikali ilimrudishia ujana, lakini mgongo ikausahau. Karani aliyemletea kitambulisho kipya alikuwa kijana wa mtaani, ambaye Bi Nyamizi alikuwa amembeba kwa mgongo huohuo alipougua surua utotoni. Kijana akasimama mlangoni, akatazama huku na huku, akasema, "Mambo, Nyamizi?"

Bi Nyamizi aliipokea kadi kwa mkono wa kushoto, akaingia ndani, na tangu siku hiyo akawa hatoki ila kwa shida. Kalista alijua mama yake anaumia, na yeye mwenyewe aliumia kwa kumwona anaumia. Kila asubuhi alifunga mlango, akafunga dirisha, akaipandisha redio sauti, kisha akapiga goti na kusema polepole, "Shikamoo, mama." Bi Nyamizi alijibu kwa sauti kubwa makusudi, "Marahaba, mwanangu!" hadi majirani wakakohoa.

Kazi ya Kalista ilikuwa uchongaji wa sanamu, ingawa hakuchonga chochote. Alikata vyuma, akavipinda, akavichomelea. Hakutengeneza watu wala wanyama. Alitengeneza maumbo. Wageni walipozunguka karakana yake wakauliza, "Na hii ni nini, dada?" yeye alijibu, "Si kitu. Ni umbo." Walipoendelea, "Ndiyo, lakini umbo la nini?" aliwasha mashine ya kusagia ili asisikie. Swali hilo lilimkera kuliko kuungua vidole.

*

Jubilei ya Rais ilipokaribia, iliundwa Kamati ya Mnara wa Jubilei. Kamati ilitaka mnara wa kuonyesha jinsi viwanda vilivyostawi, na kwa kuwa viwanda vyote vilikuwa vimefungwa, vyuma vilipatikana kwa wingi. Kalista akapewa ruhusa ya kuingia katika kile kiwanda cha magunia na kuchukua alichotaka. Akatengeneza mfano mdogo, akaupeleka mbele ya kamati.

Wajumbe waliutazama mfano ule kwa makini. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aulize ni nini. Hakuna aliyeuliza, kwa sababu anayeuliza ni asiyejua, na asiyejua hafai kuwa mjumbe. Mwenyekiti alisema unaakisi. Katibu alikubali kwamba kwa kweli unaakisi sana. Ukapitishwa kwa kauli moja, wakanywa soda.

Kalista akaanza kazi kwenye uwanja mkubwa wa mji mkuu. Aliweka boila la kiwanda, lile tangi la kuchemshia mvuke, katikati, likakaa na tumbo lake. Akazungusha mabomba ya mvuke, akatundika springi za mashine za kufumia, akavuta juu yake ule mkanda mpana wa mpira uliokuwa ukisafirisha magunia. Umbo halikuwa na kichwa, wala mkono, wala mguu, na hata hivyo mtu akilitazama aliona kitu kinachotaka kusimama. Jua likipanda mpira ulilegea, wingu likipita ukakaza, ikawa kana kwamba kitu chote kinavuta pumzi. Vibarua walianza kuongea kwa sauti za chini wakiwa karibu nacho. Mama muuza chai wa pale uwanjani alihamisha meza yake ili asikipe mgongo.

Kisha kukatokea jambo moja ambalo Kalista hakumwambia mtu. Alikuwa amelipasha moto bomba kubwa la juu ili alipinde kidogo tu. Bomba likapinda lilivyotaka lenyewe. Lilipopoa alishuka ngazi, akarudi nyuma kulitazama, na pale juu akauona mgongo wa mama yake, anapoinuka kwenye kigoda asubuhi, mkono mmoja bado uko kiunoni ingawa kwenye chuma mkono haukuwapo. Alifurahi na akaogopa kwa pamoja. Angeweza kulinyoosha, na mitungi ya gesi ilikuwa bado imejaa. Hakulinyoosha.

*

Siku ya uzinduzi uwanja ulifurika. Rais alikuja bila miwani, kama ilivyo kawaida yake, kwa kuwa jopo la madaktari wa serikali lilikwisha kuthibitisha kwamba hakuna raia mwenye macho kama yake. Alisimama mbele ya kipaza sauti na hotuba yake mkononi. Akavuta kamba, pazia likaanguka.

Rais akatazama. Hotuba ikamponyoka, kurasa zikapeperuka, wasaidizi wakazikimbilia. Yeye hakuwa na habari nazo. Alivua kofia, akakunja goti kidogo, na kwa sauti nyembamba ambayo taifa halikuwahi kuisikia, akasema:

"Shikamoo."

Redio ilikuwa hewani. Nchi nzima ilisikia. Walioshika vijiko walibaki navyo njiani. Kiongozi wa bendi, aliyekuwa hana wimbo wa tukio kama lile, akaamua kupiga wimbo wa taifa, hivyo kila mtu akalazimika kusimama wima, hata wale waliokwisha kuanza kukimbia.

*

Baraza la Mawaziri lilikutana papo hapo chini ya uenyekiti wa Waziri wa Heshima, Mheshimiwa Daktari Mwalyego, mtu mnene, mpole, asiyewahi kumfokea mtu, maana waliofokewa nchini humo walifokewa na watu wa chini yake.

"Waheshimiwa," alisema, "tuende taratibu. Je, Baba anaweza kuamkia chuma?"

"Haiwezekani!" wakajibu wote.

"Basi ile sanamu si chuma. Ni hai. Je, Baba anaweza kumwamkia mdogo wake?"

"Haiwezekani!"

"Basi ni mkubwa wake. Je, kisheria anaweza kuwapo mkubwa wa Baba?"

Hapo mawaziri wakatazama meza. Waziri wa Mifugo alisema kwamba yeye, akiitazama sanamu kwa ubavuni, anaona kama ng'ombe. Akakumbushwa kwamba Baba haamkii ng'ombe ila wakati wa uchaguzi. Waziri wa Mila akashauri iwe ni mzimu wa mababu, na wazo hilo likapendwa na wote mpaka chai ilipoletwa. Kabla vikombe havijaisha, mikoa yote ilikuwa imetuma wajumbe kudai kwamba babu huyo ni wa kwao. Kisha mtu akakumbuka kwamba mababu huwa wanamiliki ardhi, na kwamba kiwanja cha kiwanda cha magunia kilikuwa tayari kimepata mwenyewe, shemeji wa mtu fulani. Mzimu ukashukuriwa, ukaruhusiwa kwenda.

Daktari Mwalyego akaagiza aitwe Kalista.

"Karibu, Bi Kalista, kaa. Utakunywa chai? Haya. Tuambie tu kwa ufupi, yule pale uwanjani ni nani?"

"Si mtu, Mheshimiwa. Ni umbo."

"Umbo la nani?"

"La lenyewe."

"Hm. Na hilo lenyewe lina kitambulisho?"

"Ni mabomba na boila, Mheshimiwa. Na mkanda wa mpira."

Waziri alitabasamu kwa huruma. "Mwanangu, hata mimi nikifunguliwa ndani ni mabomba. Sikiliza. Sisi si washenzi, tunakupa nafasi ya kuchagua. Kama si mtu, basi limejifanya mtu mbele ya Mkuu wa Nchi. Hilo ni kosa. Litakatwa vipande na kuuzwa vyuma chakavu. Wakata vyuma nimekwisha kuwapeleka pale, wako chini ya mwembe wa posta na mitungi yao. Lakini kama ni mtu, umtaje. Sanamu itabaki, italindwa, itapakwa rangi kila Jubilei. Na huyo mtu tutaongea naye."

"Mtaongea naye nini, Mheshimiwa?"

"Kuhusu umri wake," alisema Waziri. Akakoroga chai yake. "Unajua, yupo mama mmoja muuza chai anasema ule mgongo wa juu amewahi kuuona mahali. Hakumbuki wapi. Tumempa nafasi tulivu ya kukumbuka."

Kalista alizipenda kazi zake zote, lakini hii aliipenda kama mtu anavyompenda mtoto aliyezaliwa kwa shida. Na mama alikuwa na mmoja tu.

"Chuma kikipata moto hupinda kinapotaka, Mheshimiwa," akasema. "Si kosa la mtu."

"Hilo nalo litachunguzwa," akajibu Waziri, na akamsindikiza hadi mlangoni.

*

Bi Nyamizi alikuwa amesikia yote redioni.

"Eti Rais amekiamkia chuma chako?"

"Ndiyo, mama."

"Kikamwitikia?"

"Kitaitikiaje, mama, na ni chuma?"

Bi Nyamizi alitikisa kichwa. "Maskini. Mtu kuamkia asiitikiwe! Hata kama ni yeye. Salamu ni ya Mungu."

Kalista alimtazama mama yake akipepeta mchele, mgongo umejikunja vilevile kama kule uwanjani. Alitaka kumwambia, akashindwa. Alimwambia tu kwamba asitoke nje kwa siku chache, na mama yake akamuuliza tangu lini yeye hutoka.

*

Kule Ikulu mambo hayakuwa mazuri. Rais aliacha kula. Alikaa dirishani akielekeza uso wake upande wa uwanjani, na kila msaidizi aliyeingia alimuuliza swali lilelile: "Limeitikia?"

"Linatafakari, Baba," wakajibu.

Ilipoonekana kwamba kutafakari kunachukua muda mrefu, Daktari Mwalyego alitangaza Sherehe ya Taifa ya Kuitikia. Kamati ikaketi kuandaa jibu. Neno "marahaba" lilikataliwa mapema, kwani marahaba husemwa na mkubwa. Baada ya rasimu kadhaa kupatikana na kasoro, mojawapo ikiwa na dalili za uchangamfu, kamati ilikubaliana juu ya maneno haya: "Mheshimiwa Rais, Baba wa Taifa, salamu zako zimepokelewa, zinafanyiwa kazi, na utajulishwa."

Wa kuyasema alitafutwa katika Idara ya Itifaki. Akapatikana Bwana Fulgensi, Msaidizi wa Naibu Mkurugenzi, mtu wa kimo kifupi na sauti nene, ambaye katika utumishi wake wote hakuwahi kuongea kabla ya mkubwa wake. Angeingia ndani ya boila kupitia kijimlango cha duara ambacho mafundi wa zamani walikuwa wakipitia kwenda kulisafisha.

"Sanamu ikiitikia vizuri," Waziri alimwambia Kalista, "tutaiandikisha kama mtu asiye na umri, na itabaki. Isipoitikia, wale vijana wa mitungi watafanya kazi yao palepale, kwa heshima zote. Umeridhika?"

Kalista alilifungua mwenyewe lile boila. Alimwonyesha Bwana Fulgensi pa kukanyaga na pasipokanyagwa, akamwekea mto wa kukalia. Moyo ulimuuma kama wa mtu anayemfungulia mwizi mlango na kumwelekeza vilipo vyombo. Bwana Fulgensi alimshukuru kwa adabu, akauliza kama ndani kuna mahali pa kutundika koti.

*

Siku ya sherehe yaliletwa malori ya wazee kutoka mitaa yote. Walikuwa wamealikwa kama vijana wenzake Rais, waje kupiga makofi. Viti viliwatosha wake za mawaziri tu. Kalista alipokuwa akikagua mkanda wa mpira kwa mara ya mwisho alimwona mama yake amekaa chini, ameegemea boila, kanga kichwani, anajipepea kwa kipande cha boksi.

"Mama! Nani amekuleta hapa?"

"Askari. Wamenibeba hadi kwenye lori, vijana wazuri."

"Ondoka hapo, mama, tafadhali. Nenda kakae kule nyuma."

"Kule kuna jua. Hapa kuna kivuli. Angalau nimejua chuma chako kina kazi gani."

Ving'ora vikalia na Kalista akasukumwa pembeni. Rais akashuka kwenye gari. Alikuwa amepungua, suti imemning'inia mabegani. Hakwenda jukwaani. Alitembea moja kwa moja hadi mbele ya sanamu, kipaza sauti kikimfuata mkononi mwa msaidizi, akasimama, akavua kofia.

"Shikamoo," akasema.

Kimya.

Ndani ya boila Bwana Fulgensi alikuwa amelishika jibu mkononi, tayari kabisa. Alisubiri Naibu Mkurugenzi agonge bomba kumpa ruhusa. Naibu Mkurugenzi alisubiri ishara ya Mkurugenzi. Mkurugenzi alimtazama Waziri. Waziri alimtazama Rais, kwa kuwa hakuna mwenye mamlaka ya kukatiza kimya kilichoanzishwa na Rais. Na Rais aliitazama sanamu. Hivyo ndivyo serikali ile ilivyofanya kazi siku zote, na haijawahi kutokea mtu akalalamika.

Wingu likapita, mkanda wa mpira ukakaza, umbo likavuta pumzi. Wakata vyuma walivuka barabara na mitungi yao, wakawasha moto. Kalista alisikia mlio wa gesi nyuma yake, akaomba Mungu yeyote aliyekuwa kazini.

Rais alisogea hatua moja. "Shikamoo, mama," akasema tena.

Bi Nyamizi aliendelea kujipepea. Hakugeuza hata shingo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Hujambo? Mbona umekonda hivyo?"

Kipaza sauti kilikuwa karibu. Uwanja wote ulisikia, na mikoani pia.

"Sijambo," alisema Rais. Akafikiri kidogo. "Kazi nyingi."

"Unakula?"

"Kidogo."

"Kula, baba. Kazi haina mwisho."

"Nitakula," alisema Rais. Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye nishani, wala hakuyafuta. Alikuwa akimtazama nani, boila au mtu aliyeegemea boila, hilo hata jopo la madaktari halikuwahi kulitolea taarifa.

*

Watu wote waliokuwa uwanjani waliona ni mdomo wa nani uliofunguka. Daktari Mwalyego aliona pia. Alitembea taratibu hadi pale, askari wawili wakasimama nyuma ya Bi Nyamizi, mmoja kila upande. Wakata vyuma walisimama nyuma ya sanamu, moto unawaka. Waziri hakumtazama yule mama. Alimgeukia Kalista, akamsogezea kipaza sauti kwa upole wake uleule.

"Bi Kalista. Wewe ndiwe unayejua. Nani ameitikia?"

Kalista alimwona mama yake akiinua uso. Haukuwa uso wa mtu anayeogopa. Ulikuwa umenawiri, kama wa bibi harusi aliyesikia vigelegele vyake. Alikuwa anasubiri kutajwa.

Kalista alikuwa na akili nyepesi, na siku hiyo ilimsaidia. Akanyoosha kidole kwenye tumbo la boila.

"Ni yeye," akasema. "Sanamu. Ni hai, Mheshimiwa. Imeitikia."

Hakuwahi kutamka maneno hayo juu ya kazi yake yoyote, na aliyahisi yakipita kooni kama mwiba wa samaki. Waziri alimtazama kwa macho ya mtu aliyepata mfanyakazi mwenzake. Akainua mikono. Uwanja ukalipuka kwa makofi. Wazee nao wakapiga, ndiyo kazi waliyoitiwa. Gesi ikazimwa, askari wakarudi kwenye mstari, bendi ikaanza. Bwana Fulgensi, aliposikia kelele akiwa ndani ya boila, alidhani ndiyo ishara, akasoma jibu lake lote mpaka nukta, lakini kwa ajili ya tarumbeta hakuna aliyelisikia.

Bi Nyamizi hakupiga makofi. Alikiweka chini kile kipande cha boksi, akamtazama binti yake kwa muda mrefu.

*

Sanamu ikapewa kitambulisho. Karani wa umri alitaka kuiandika mwaka mmoja chini ya Rais, kama sheria inavyotaka, lakini Rais akakataa. Alisema yule ni mkubwa wake na hataki ubishi. Bunge likaitwa haraka, likarekebisha sheria kwa ajili ya raia mmoja. Tangu hapo watumishi wa umma hupanga foleni uwanjani kila asubuhi kuiamkia, na wageni wa mataifa hupelekwa pale kabla hawajaonyeshwa hoteli. Bwana Fulgensi alipandishwa cheo. Ana ofisi yake ndani ya boila, ameruhusiwa neno "marahaba" kwa kibali maalumu, na huitikia kila siku ya kazi hadi saa tisa na nusu. Wanaomfahamu wanasema mgongo wake umeanza kupinda.

Kalista alivishwa Nishani ya Uhai. Kuuliza "hii ni nini?" mbele ya kazi zake kumekuwa kosa la jinai, kwa hiyo sasa anafanya kazi bila bughudha. Watu huingia karakanani, huamkia kila kipande cha bati, hutoka.

Nyumbani, mama yake alikuwa ameacha kumwitikia. Kalista mwanzoni alidhani ni uchovu wa lori, kisha akadhani ni masikio. Kila asubuhi alifunga mlango na dirisha, akapandisha redio, akapiga goti, akasema salamu yake, na kila asubuhi Bi Nyamizi aliendelea kuchagua mchele kana kwamba amepita nzi. Siku moja Kalista alishindwa kuvumilia.

"Mama, nimekukosea nini? Wangekuchukua. Uliwaona wale askari. Nilikuokoa."

"Najua."

"Nisingesema vile usingekuwa hapa."

"Najua, Kalista. Asante." Bi Nyamizi alitoa jiwe kwenye ungo, akalitupa nje. "Miaka yote hii hakuna aliyeniamkia nje ya chumba hiki. Siku ile nimeamkiwa mchana kweupe, mbele za watu, tena na yule aliyenipokonya. Nikaitikia kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikakutazama wewe, nikasema, mwanangu atasema huyu ni mama yangu. Ukanyoosha mkono, ukakipa chuma salamu yangu."

Kalista alilia. Alilosema mama yake lilikuwa kweli, na lile alilofanya yeye lilikuwa sawa pia, na kama angeulizwa tena angenyoosha kidole palepale. Redio ilikuwa inasoma majina ya mabalozi walioiamkia sanamu asubuhi hiyo. Akaizima. Akafungua dirisha, akafungua na mlango hadi mwisho, majirani wakaonekana nje wamesimama na ndoo zao. Akapiga goti, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Shikamoo, mama!"

Ndoo ya mtu ikaanguka. Bi Nyamizi alimtazama binti yake, akatazama mlango ulio wazi na nyuso zilizotoa macho, kisha akaurudia mchele wake.

"Ipeleke uwanjani," akasema. "Wanaitikia hadi saa tisa na nusu."